Fedha zote zilizoingia benki si mapato, lakini nani atathibitisha?

MSIMU wa mahindi unapopamba moto katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, akaunti ya dalali mmoja inaweza kupokea kwa wiki chache fedha nyingi kuliko faida anayoipata kwa miaka kadhaa. Mnunuzi wa Dar es Salaam hutuma mamilioni asubuhi, na kufikia kesho yake jioni zimekwishagawanywa kwa wakulima, wapakiaji na mwenye fuso. Dalali hubakiwa na kamisheni yake ya kila gunia.

Kwa dalali, fedha hizo zilikuwa za mwenzake na yeye alizipitisha tu. Lakini kwa ofisa wa kodi anayesoma taarifa ya benki miaka miwili au mitatu baadaye, ni fedha zilizoingia kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayetakiwa kueleza zilitoka wapi na zilikuwa za nini.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wadogo, madalali wa mazao na hata wakulima wanapokwama. Wanaujua ukweli wa fedha zao, ila karatasi ya kuuthibitisha hawana. Na katika mgogoro wa kodi, ukweli usio na karatasi hauna nguvu.

Deni linavyopatikana

Njia yenyewe haina ugumu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uwezo wa kutaka taarifa kutoka kwa mtu yeyote, zikiwamo benki. Ofisa hujumlisha fedha zote zilizoingia katika akaunti kwa mwaka, kisha hulinganisha jumla hiyo na mauzo yaliyotajwa kwenye ritani. Tofauti isiyo na maelezo huhesabiwa kuwa mauzo yaliyofichwa.

Chukua mfano wa dalali wa Kibaigwa ambaye kwa mwaka mmoja akaunti yake imepokea Sh186 milioni, wakati kwenye ritani alitaja Sh24 milioni tu, ambazo ni kamisheni yake pamoja na mauzo ya mazao ya shamba lake. Tofauti ni Sh162 milioni.

Jumla hiyo kwanza inamtoa katika kundi la wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi kwa kuangalia mauzo ya mwaka, kundi ambalo Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha kikomo chake kutoka Sh20 milioni hadi Sh100 milioni. Pili, iwapo Sh162 milioni zote zitahesabiwa kuwa mapato na kutozwa kiwango cha juu cha kodi ya mtu binafsi, ambacho ni asilimia 30, deni linakuwa Sh48.6 milioni. Hapo riba na adhabu bado.

Mtu ambaye mali yake ni nyumba moja na pikipiki hawezi kulipa deni hilo. Lakini hawezi pia kulikimbia, kwa sababu sheria inaruhusu kodi iliyoiva kukusanywa kwa njia kadhaa, ikiwamo kuiagiza benki itoe fedha zilizomo kwenye akaunti ya mdaiwa.

Mzigo uko kwa nani

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Katika kesi za kodi mambo yamegeuzwa. Sheria ya Rufani za Kodi inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yana makosa ni wa yule anayekata rufani, yaani mlipakodi.

Sababu yake inaeleweka. Mlipakodi ndiye aliyekuwapo wakati fedha zinaingia. Ndiye anayemjua aliyemtumia na mkataba waliokuwa nao. Ofisa wa kodi anachokiona ni tarehe, kiasi na pengine jina lililofupishwa.

Hata hivyo, hii haina maana kwamba kila fedha iliyoingia benki ni mapato. Nchini Marekani, ambako njia hii imetumika kwa muda mrefu, mahakama moja ya rufani iliamua mwaka 1935 kesi ya Leon Gleckman wa Minnesota, mtu aliyejulikana kwa biashara ya pombe haramu. Mahakama ilikubali kwamba fedha kuwekwa benki, peke yake, si uthibitisho wa kodi inayodaiwa. Lakini ikasema kwamba mtu mwenye biashara inayoendelea anapoweka fedha mara kwa mara kwa jina lake, hilo ni jambo zito dhidi yake kama hana maelezo.

Msingi huo unamhusu dalali wa Kibaigwa pia. Kuweka fedha benki si kosa. Anachotakiwa ni kuwa na maelezo, na maelezo hayo yawe na ushahidi.

Maswali matatu ya kujibu

Ushahidi upi unatosha? Mahakama za India, zikitafsiri Sheria ya Kodi ya Mapato ya nchi hiyo ya mwaka 1961, zilijenga maswali matatu ambayo mlipakodi wa nchi yoyote anaweza kuyatumia kujipima. Kwanza, aliyeleta fedha ni nani? Pili, alikuwa na uwezo wa kuwa na kiasi hicho? Tatu, shughuli yenyewe ilifanyika kweli?

Kusema “fedha hizi alinipa kaka yangu” ni kujibu swali la kwanza tu. Bado haijajulikana kaka alizipata wapi na alizitoa kwa sababu gani. Kuleta mkataba wa mkopo ulioandikwa jana kuhusu fedha za miaka mitatu iliyopita hakujibu swali la tatu, na kunaweza kuharibu hata majibu mazuri yaliyotangulia.

Kurudi kwa dalali wetu, kazi yake ni kuzigawa Sh162 milioni katika mafungu, na kila fungu kulitafutia karatasi zake.

Fungu la kwanza ni Sh118 milioni zilizotumwa na wanunuzi ili awakusanyie mahindi. Hapa taarifa ya benki yenyewe ni shahidi wa kwanza, kwa kuwa inaonyesha jina la aliyetuma na kwamba fedha zilitoka ndani ya siku mbili au tatu. Lakini kutoka kwa fedha taslimu kunaonyesha tu kwamba zimetolewa. Hakuonyeshi zilikwenda kwa nani.

Kinachohitajika ni daftari la manunuzi lenye tarehe, jina la mkulima, kijiji, idadi ya magunia, bei, namba ya simu na saini au dole gumba. Kama alinunua magunia 1,900 kwa Sh60,000, daftari lionyeshe Sh114 milioni, na Sh4 milioni zilizobaki zionekane kwenye malipo ya upakiaji na usafiri. Stakabadhi za ushuru wa mazao zilizotolewa na halmashauri, karatasi za mizani na hati ya dereva ya kusafirishia mzigo zitaonyesha idadi ileile ya magunia. Barua ya mnunuzi inayokiri kwamba fedha zilikuwa zake na mzigo aliupokea hukamilisha mnyororo, hasa kama mnunuzi huyo naye ameyaingiza manunuzi hayo kwenye hesabu zake.

Fungu la pili ni Sh15 milioni za mkopo wa Saccos. Mkopo si mapato, maana utarudishwa. Mkataba wa mkopo, kumbukumbu ya fedha kutoka akaunti ya Saccos na risiti za marejesho zinatosha.

Fungu la tatu ni Sh12 milioni za kuuza kiwanja. Mkataba wa mauzo wenye mashahidi, nyaraka za umiliki na jina la mnunuzi kwenye taarifa ya benki vinaeleza chanzo. Lakini muuzaji ajue kwamba faida ya kuuza ardhi ina masharti yake ya kodi. Kwa kueleza chanzo ameitoa fedha hiyo kwenye mauzo ya biashara, na anaweza kuulizwa kama kodi ya kiwanja ililipwa au kilikuwa na msamaha.

Fungu la nne ni Sh9 milioni ambazo dalali alizihamisha mwenyewe kutoka kwenye simu na kutoka akaunti yake ya benki nyingine. Hizi ni fedha zilezile zilizohesabiwa mara mbili. Aombe taarifa za miamala ya simu na ya benki ya pili, kisha aoanishe tarehe na kiasi, mstari kwa mstari. Makosa ya namna hii ni rahisi kuyasahihisha, lakini hayajisahihishi yenyewe.

Mafungu hayo manne yanafika Sh154 milioni. Zimebaki Sh8 milioni, na hizo ndizo ngumu. Kaka yake aliuza ng’ombe mnada wa Pugu, akamkabidhi fedha taslimu amsaidie kumalizia nyumba, naye akazipeleka benki kwa jina lake mwenyewe. Ni kweli tupu, ila taarifa ya benki inaonyesha tu kwamba mwenye akaunti aliweka fedha.

Kama kaka alitunza kibali cha kusafirisha mifugo na stakabadhi za mnada, na akawa tayari kutoa kiapo, fungu hilo linaweza kuokolewa. Kama hana, huenda Sh8 milioni zikabaki kwenye hesabu ya kodi. Kwa kiwango kilekile cha asilimia 30, ni Sh2.4 milioni. Inauma, lakini kutoka Sh48.6 milioni hadi Sh2.4 milioni ni tofauti ya kubaki na nyumba au kuipoteza.

Siku 30 na theluthi moja

Ushahidi mzuri uliochelewa hausaidii. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi, anayepinga uamuzi wa kodi anatakiwa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, likiwa na sababu, ndani ya siku 30 tangu alipopokea uamuzi. Muda unaweza kuongezwa kwa sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, lakini lazima uombwe. Hauongezeki kwa sababu mtu alikuwa akienda ofisini kuzungumza kwa mdomo.

Sharti la pili huwashtua wengi. Pingamizi halipokewi mpaka mlipakodi awe amelipa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa deni la Sh48.6 milioni, theluthi moja ni Sh16.2 milioni. Sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kupunguza au kusamehe malipo hayo kukiwa na sababu nzuri. Kwa hiyo asiye na uwezo aombe kwa barua ndani ya siku zilezile 30, akiambatisha uthibitisho wa hali yake.

Nchini Kenya, sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 nayo inatoa siku 30 za kupinga na kumwachia mlipakodi mzigo wa ushahidi, ila mpingaji anatakiwa kulipa ile sehemu ya kodi asiyoibishania. Mfanyabiashara wa Namanga au Tarakea mwenye akaunti pande zote mbili za mpaka asidhani kwamba utaratibu ni mmoja.

Baada ya uamuzi wa mwisho wa Kamishna Mkuu kuhusu pingamizi, asiyeridhika huenda Bodi ya Rufani za Kodi. Hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 30 na kuwasilisha rufani yenyewe ndani ya siku 45 tangu alipopokea uamuzi huo. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, na juu yake Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Maana yake ni kwamba suala la kama fedha zilikuwa za mkopo au za mauzo haliendi kubishaniwa upya Mahakama ya Rufani. Ushahidi uwekwe mezani mapema, tangu hatua ya pingamizi.

Mlipakodi asisahau hoja ya pili. Hata kama sehemu ya fedha itaonekana kuwa mauzo, kodi ya mapato kwa anayetunza hesabu hutozwa kwenye faida. Aliyepokea Sh60,000 ya gunia alilolinunua kwa Sh55,000 ana haki ya kuomba gharama ya kununua iondolewe, mradi awe na kumbukumbu za manunuzi. Daftari lilelile linafanya kazi mara mbili.

Makosa yanayowaponza wengi

Kosa la kwanza ni kubadilisha maelezo. Leo fedha ni mkopo, kesho ni zawadi, keshokutwa ni za mnunuzi. Kila maelezo mapya hupunguza uzito wa yaliyotangulia. Ni bora kuomba muda, kukusanya karatasi zote na kueleza mara moja.

Kosa la pili ni kutengeneza karatasi za zamani kwa wino mpya. Licha ya kuwa kosa la jinai, karatasi moja ya kughushi huzitia doa zote zilizo halali.

Kosa la tatu ni kusahau kwamba ushahidi una makali kuwili. Dalali anayeonyesha magunia 1,900 ya wanunuzi atahesabiwa kamisheni yake. Ikiwa alichukua Sh2,000 kwa gunia, hiyo ni Sh3.8 milioni, na lazima ionekane ndani ya zile Sh24 milioni alizozitaja. Kama haimo, ni bora aikiri na kuilipia kuliko kuipoteza kesi nzima kwa ajili yake.

Kosa la nne ni la huruma. Mkulima wa korosho au ufuta asiye na akaunti humwomba jirani ampokelee malipo. Mweka hazina wa kikoba huweka michango ya wanachama 30 kwenye akaunti yake binafsi kwa sababu kikundi hakijafungua ya kwake. Kiongozi wa chama cha msingi hupokea fedha za wenzake kwa kuwa tawi la benki liko mbali. Wote hao wanaazima majina yao, na siku ya maswali watajibu wao.

Kabla ya msimu ujao

Kinga ya haya yote ni ya gharama ndogo. Dalali afungue akaunti mbili, moja ya fedha za wanunuzi na nyingine ya kamisheni na mapato yake. Kikundi kiwe na akaunti ya kikundi. Anayetuma fedha aandike sababu kwenye muamala: “mahindi gunia 200” au “mkopo”. Maneno hayo machache, yaliyoandikwa siku fedha inapotumwa, yana uzito kuliko kurasa kumi zilizoandikwa baada ya barua ya kodi kufika.

Kati ya dalali na mnunuzi kuwe na makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yanayosema fedha ni za nani, mzigo ni wa nani na kamisheni ni kiasi gani. Fedha taslimu za ndugu zipitie benki au simu kwa jina la ndugu mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi, mwenye akaunti achukue taarifa ya benki na kuandika pembeni ya kila fedha iliyoingia: mauzo, mkopo, ya mnunuzi, yangu mwenyewe. Ni kazi ya saa moja akiwa bado anakumbuka, na karibu haiwezekani baada ya miaka mitatu.

Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Karatasi za mashine za risiti na za mizani hufifia kwa joto na jua, hivyo zitolewe kivuli au zipigwe picha mapema. Simu ikibadilishwa, ujumbe wa miamala usipotee nayo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa dalali wa Kibaigwa, hata mali isiyo yake inaweza kumpotezea nyumba, kwa sababu tu ilipita kwenye akaunti yake na hakuna aliyeandika.